Bango la Felista

Silvano alimwona mke wake Jumamosi asubuhi, kaning'inizwa ukutani Shangani, na mke wake keshazikwa tangu mwaka jana.

Sabri, mlinzi wa Jumba la Roshani, ndiye aliyempigia simu. "Mzee Silvano, njoo uone mwenyewe. Mimi jambo hili siwezi kukwambia kwa simu." Silvano akamwachia mwenzake wa pembeni meza yake ya ndizi pale soko la Mwanakwerekwe, akaja mjini, akapita vichochoro vyote vile huku anajiuliza nani kafa tena. Alipotokea kwenye kiwanja kidogo mbele ya jumba akainua kichwa. Felista alikuwa anamtazama.

Bango lilianzia roshani ya juu kabisa likashuka mpaka karibu na mlango mkubwa. Uso peke yake ulikuwa mpana kuliko kitanda walicholalia miaka yao yote. Silvano aliijua ile picha. Ilipigwa siku ya kipaimara cha mtoto wa jirani. Felista kafunga kilemba cha kitenge, kilemba kimekwenda upande, anamcheka mtu aliyesimama ubavuni mwake. Mtu huyo alikuwa Silvano. Walikuwa wamemkata, umebaki ukingo wa bega lake tu, mwembamba kama ukucha.

Chini ya uso palikuwa na maneno makubwa. Silvano aliishia darasa la nne, kusoma kwake ni kwa kusukuma neno moja baada ya jingine kama mkokoteni kwenye mchanga. Akasukuma mpaka mwisho: ALITOA PESA YA DAWA YAKE ILI JUMBA HILI LISIMAME. WEWE UTATOA NINI?

Akarudia kusoma kwa sababu alidhani kakosea.

Watalii wawili walisimama karibu yake. Mmoja akainua simu akampiga Felista picha.

"Wee!" Silvano akamkemea. "Umemuomba nani?" Mzungu akacheka, akasema "Jambo, jambo," akaenda zake.

"Kamati ya jengo wamelipandisha jana," Sabri akasema pole pole. Alikuwa kijana wa Jang'ombe, Muislamu, hayamhusu ya kanisa wala ya chuo kikuu chao, lakini aliona haya kama yeye ndiye aliyelitundika. "Nliwauliza, mwenyewe anajua? Wakanambia hii si kazi ya mlinzi."

Jumba la Roshani halina mtu asiyelijua. Mjini mtu akikuelekeza njia huanzia hapo, hata kama unakokwenda kuko mbali nalo. Zamani lilikuwa la tajiri mmoja wa karafuu, kisha likawa zahanati ya wamisionari, kisha likakaa bure, mvua ikaingia, popo wakaingia, kuta zikaanza kutoa matumbo. Sasa kanisa limelipata, na chuo kikuu kipya cha Kikristo kitawekwa humo, wanafunzi watoke bara na visiwani wasome sheria na uongozi. Jambo jema, kila mtu alisema. Shida ni kwamba jambo jema lile lilikuwa na mdomo. Kila Jumapili lilitaka kulishwa. Chokaa, boriti, mafundi, mirunda ya kuzuia ukuta wa nyuma usimwangukie jirani. Bahasha zikaja za kijani, zikaja za manjano, kila mkristo akapewa kadi ya mchango yenye jina lake, na ole wako kadi yako irudi tupu, maana majina yalisomwa mbele ya watu.

Na bahasha zilipokuwa hazitoshi, wakubwa wakauona mfuko wa maradhi.

Mfuko ule ulikuwa wa watu wa chini. Ulianzishwa na kina mama wa jumuiya ya Kikwajuni, wauza vitumbua, wafua nguo, wake za makuli, ili mmoja wao akianguka asife kwa kukosa nauli ya kumpeleka Dar. Felista alikuwa akitia humo pesa ya vitumbua vyake tangu hana hata mvi moja. Basi alipotokwa na uvimbe kifuani, na daktari wa hapa akasema huyu avushwe akapasuliwe Dar haraka, Silvano hakuwa na wasiwasi. Alivaa shati lake la kwendea kanisani, akaenda ofisini kwa kamati.

"Mfuko kwa sasa uko kwenye jengo, Mzee Silvano," wakamwambia. "Unarudi."

Akaenda tena. Mfuko unarudi. Akaenda akiwa amevaa shati la kazini, na madoa ya utomvu wa ndizi, hakujali tena. Mfuko unarudi, Mzee, subira. Kila alipokwenda, mfuko ulikuwa njiani. Akauza baiskeli, akauza redio, akakopa kwa wenzake wa sokoni, na alipokaribia kutosha Felista akawa hawezi tena kukaa kitako, sembuse kupanda boti. Alikufa mchana, mchele uko jikoni. Mfuko haujafika mpaka leo.

Sasa anaambiwa alitoa.

Silvano akamsukuma Sabri kando, akapita kati ya mirunda, akapanda ngazi. Ofisi ya kamati ilikuwa chumba pekee kilichokwisha kutengenezwa: kuta nyeupe, kiyoyozi, kapeti. Dakta Onesmo, mwenyekiti wa kamati ya ukarabati, alikuwa peke yake na kompyuta yake. Udaktari wake si wa kutibu mtu, ni wa kusoma sana. Alikuja kutoka bara kwa ajili ya chuo, na kila mtu alisema huyu ana akili ya pesa.

"Oo, Mzee wangu! Shikamoo."

"Marahaba. Mteremshe mke wangu."

"Kaa kwanza, Mzee. Maji?"

"Nshakaa sana katika ofisi hii. Mteremshe."

Dakta Onesmo akafunga kompyuta taratibu, akatia sura ya msibani. "Mzee Silvano, ile ni heshima. Nikueleze. Wafadhili ukiwaonyesha nyufa hawatoi, nyufa wameziona dunia nzima. Wanataka moyo. Mama Felista ndiye moyo wa jengo hili. Tangu tumeweka picha yake kwenye mtandao, watu wanapiga simu kutoka mpaka Ujerumani."

"Alipokuwa hai mlikuwa hampokei simu yangu mimi, nnapiga kutoka Kikwajuni."

"Mzee, yaliyopita—"

"Na mnasema katoa. Katoa lini? Nani kamuomba?"

Hapo Dakta akamtazama kwa huruma, na ile huruma ilimuudhi Silvano kuliko yote. "Kumbe hakukwambia," Dakta akasema. "Aliridhia mwenyewe. Tulikwenda kumuona, mimi na Baba Padri na kina mama. Wewe ulikuwa sokoni. Akatamka kwa kinywa chake mfuko ubaki kwenye jengo. Kama huniamini muulize jirani yenu, yule mama wa Kiislamu. Alikuwepo."

Silvano akawa kama kapigwa na mlango.

"Kesho ni harambee, hapa hapa uani, mara baada ya misa," Dakta akaendelea, sauti laini kama siagi juani. "Mgeni rasmi anatoka Dar. Nimekuwekea kiti cha mbele. Ukiwa na neno, utapewa nafasi useme. Sisi hatuna cha kuficha."

"Ntakuja," Silvano akasema. "Na nkiondoka, nnaondoka na mke wangu."

Bi Salhiya, jirani yao, alikuwa barazani kwake Kikwajuni anapembua mchele. Alipomwona Silvano anavyokuja, mikono ikasimama juu ya ungo.

"Shemeji, una nini?"

"Walipokuja kumtaka Felista pesa ya mfuko, ulikuwepo?"

Bi Salhiya akauweka ungo chini. Alikuwa rafiki wa Felista wa kuazimana chumvi na wa kuambiana siri. Ndiye aliyemwogesha siku za mwisho, yeye na mikono yake. "Nlikuwepo," akasema.

"Nambie."

"Waliimba kwanza. Mie nkakaa miguuni nnamkanda, sikutia neno. Wameleta kikapu, sukari na sabuni. Padri akamshika mkono akaomba dua yenu, dua ndefu. Alipomaliza hakumwachia. Ndo yule Dakta akasema, Mama, mfuko umeingia kwenye jengo, tukiutoa sasa mafundi wataondoka na masika yako mlangoni, ukuta utaanguka. Ukituridhia uendelee kubaki, Mungu atakulipa. Felista akauliza, 'Na mimi?' Kauliza hivyo tu. Akajibiwa, kwako tutatafuta njia nyingine, Mama. Na mkono bado kashikwa, shemeji."

"Akasema nini?"

"Angesema nini? Watu wamejaa chumba, wamemuimbia, wamemuombea, wamemletea sukari. Akasema haya Baba, Mungu awabariki. Kisha akanambia mie niwatilie chai."

Silvano akakaa barazani bila kukaribishwa. "Mwaka mzima, Salhiya. Mwaka mzima tunapishana kwenye mlango huu."

"Aliniapisha. Wallahi aliniapisha mkono kwenye kifua. Kasema ukijua utakwenda kuwapiga hukohuko kanisani, watakufunga, na yeye atakufa peke yake."

"Ningewapiga kweli."

"Nnajua. Na yeye alijua."

Silvano akamkasirikia Felista pia, na hilo lilimuuma kuliko kuwakasirikia wale. Mwanamke yule alikuwa hashindwi kumkatalia yeye. Hapana, hutoki na shati hilo. Hapana, hukopi tena. Hapana, redio ile tutaizima sasa hivi. Nyumba nzima ilijaa hapana zake. Walipoingia wakubwa na kikapu chao hakubakiwa na hata moja ya kujitetea nafsi yake. Wenyewe walijua. Ndiyo maana walikuja mchana, mume yuko sokoni, na ndiyo maana walianza kwa kuimba.

Jumapili ua wa Jumba la Roshani ulipambwa vitambaa vyeupe na bluu. Kwaya mbili, vipaza sauti vikubwa, meza kuu yenye maua na maji ya chupa chini ya roshani, na beseni la plastiki katikati kwa ajili ya michango. Kwa nje, upande wa kiwanja, Felista alikuwa ananing'inia vile vile; lakini walikuwa wametengeneza na la pili, sawa na lile, wakalitundika ndani, kutoka roshani inayotazama uani, juu ya meza kuu. Silvano alipoingia akawakuta wake zake ni wawili.

Wakamweka kiti cha mbele. Mama mmoja wa kamati akambandika ua kifuani.

Kwanza ukawa mnada, kama desturi ya watu wa kanisa. Yai moja likanadiwa, likapanda likafika bei ya mbuzi, aliyelinunua akalirudisha linadiwe tena, watu wakashangilia. Jogoo akanunuliwa akapewa Padri. Mkungu wa ndizi ukaja, na Silvano akautambua, umetoka Mwanakwerekwe, ni wake mwenyewe, alimuuzia mama wa kamati juzi baada ya kuvutana bei na kupunguziwa faida kwa jina la Yesu. Sasa mgeni rasmi aliupandisha mpaka mshereheshaji akaruka ruka. Silvano akatazama beseni linavyojaa. Hivi ndivyo pesa inavyopatikana, kumbe. Ilikuwapo. Imekaa mifukoni mwa watu hawa muda wote, inangoja muziki.

Kisha Dakta Onesmo akasimama akasimulia habari ya Felista. Alisimulia vizuri, Mungu amlaani. Alisema juu ya kitanda, juu ya uso mtulivu, juu ya maneno "Mungu awabariki". Swali la "na mimi?" hakulisema. Kina mama wakafuta macho. "Na leo," akasema, "tunaye mumewe. Mzee wetu Silvano, njoo utupe ushuhuda."

Silvano akashika maiki.

"Mimi sina ushuhuda," akasema. "Nnakuja kuwaambieni kuwa huyu kawadanganya."

"Amina," mama mmoja akaitikia, kwa mazoea.

"Msiitikie amina! Mke wangu hakutoa. Mtu kalala, hawezi kuinua hata kikombe, mnaingia chumbani kwake kundi zima, mnamshika mkono, mnamuimbia, halafu ndo mnamwambia tupe. Huyo hakutoa. Huyo kanyang'anywa!"

"Yesu!" sauti nyingine ikalia nyuma.

"Kauliza, na mimi? Kauliza hivyo! Hamkumjibu! Mmemjibu kwa kumtundika ukutani kama khanga za kuuzia wazungu!" Sauti yake ikapasuka. Alikuwa analia na hakutaka kulia, alitaka kutukana, lakini machozi yalimtangulia. "Pesa ile ya vitumbua! Kaamka alfajiri miaka yote, moto umemmaliza macho! Mmekula! Mmeipaka chokaa!"

Na hapo ndipo lilipotokea alilokuwa hakulitegemea. Mama mmoja mnene wa kwaya akainuka anabubujikwa, akaja anacheza pole pole mikono juu, akamtia Silvano noti mfukoni mwa shati, akamkumbatia. Akaja wa pili. Wa tatu akamtunza kwenye ukosi. Mpiga kinanda, mjinga yule, akaona ndiyo wakati wake, akaanza taratibu. Vigelegele. Wakasimama mstari mzima, noti zimeinuliwa, wanasema pole Baba, Mungu kamuona Baba, na wengine wakapitiliza wakazitupa besenini. Mgeni rasmi akatoa leso akajifuta, akamnong'oneza Dakta jambo, na Dakta akanyakua maiki ya pili: "Mgeni rasmi ameguswa! Ameongeza ahadi yake mara mbili! Mungu ni mwema!"

"Kila wakati!" ua wote ukajibu.

"Nimesema niacheni!" Silvano akapiga kelele, lakini maiki yake walikuwa wameshaizima. Akajipukuta shati kama mtu aliyeingiwa na siafu. Noti zikaanguka chini, na mama wa kamati akapiga magoti akaziokota moja moja, akazitia besenini.

Basi akaacha kusema. Akapita nyuma ya meza kuu, akapanda ngazi ya mbao mpaka roshani ya juu. Kijana wa kamati akamkimbilia. "Mzee, wapi?" Sabri alikuwa amesimama mlango wa roshani, na kazi yake ilikuwa kuzuia watu wasipite wengi, maana mbao zile hazikuwa salama. Akamtazama Silvano. Akasogea ampishe, kisha akarudi mahali pake mlangoni, kijana wa kamati akamkuta kama jiwe.

"Nimeambiwa apite mmoja tu kwa wakati," Sabri akasema. "Amri yenu wenyewe."

Silvano akafungua kamba ya kwanza kwa meno. Ya pili ilikuwa rahisi. Turubai lote likaporomoka, Felista akaangukia meza kuu, akafunika maua, maji ya chupa, mgeni rasmi na Dakta Onesmo. Watu wakadhani ni sehemu ya ratiba, wakapiga makofi.

Alishuka akalivuta. Dakta alitoka chini yake nywele zimesimama, kwa mara ya kwanza sura yake haina siagi. "Mzee! Hilo bango ni mali ya kamati!"

"Turubai lenu. Uso wangu," Silvano akasema. "Njoo uuchukue."

Dakta akatazama watu waliokuwa wanatazama, akatabasamu, akasogea kando. Silvano akalikunja bango begani likiwa zito kama maiti, akatoka. Nje akainua kichwa. La kiwanjani lilikuwa juu mno, kamba zake zimefungwa ndani ya ofisi yenye kiyoyozi, na ofisi ilikuwa na kufuli. Alisimama pale mpaka bega likamuuma. Kisha akaondoka na mke mmoja.

Asubuhi ya Jumatatu hakwenda sokoni. Bango lilikuwa halienei chumbani. Alilitandaza uani, likagusa kuta zote mbili, kuku wa Bi Salhiya wakatembea juu ya maneno. Alikuwa amepiga magoti na mkasi anakata uso uachane na maandishi simu ilipolia kwa ujumbe. Akampa Bi Salhiya amsomee, macho yake yalikuwa hayataki herufi siku ile.

"Unatoka kwa yule Dakta," Bi Salhiya akasema, akausoma kwanza kimya kimya, midomo ikamkaza. "Anasema tumsifu Yesu Kristo. Anasema kwa niaba ya kamati wanakushukuru, harambee imevuka lengo, hawajapata kuona ushuhuda kama ule. Anasema, astaghafirullah, anasema mwezi ujao wana harambee nyengine Dar, hotelini. Watakulipia boti. Wanakuomba uende ukaseme vile vile, na bango wanalo lile jengine."

Mkasi ukasimama.

"Boti watanilipia," Silvano akasema.

"Ndivyo alivyoandika."

"Boti."

Kuku mmoja akadonoa turubai. Silvano akaendelea kukata, akafuata mzunguko wa kilemba kilichokwenda upande, taratibu asimjeruhi, mpaka akafika kwenye bega lake mwenyewe lililobaki, akalikata pamoja na uso, hakuliacha upande wa maneno.

"Mwandikie," akasema bila kuinua kichwa.

"Nimwandikie nini?"

"Felista alitaka kupona."

Bi Salhiya akaandika kwa kidole kimoja. "Na nini tena?"

"Basi."

"Nianze vipi, shemeji? Nimrudishie tumsifu yake? Nimalizie na salamu?"

"Usianze na kitu. Usimalizie na kitu. Salamu usitie."

Bi Salhiya akasita, kidole kiko juu ya simu. Tangu ajue kuandika alikuwa hajapata kumpelekea mtu neno bila ya salamu, hata waliomkosea. Kisha akaupeleka ujumbe hivyo hivyo.